Kona ya Bafu

Dada yangu alikuwa amelala chali juu ya machela, ndani ya nyumba niliyoichora mimi, macho ameyafumba, akituamrisha tumtoe nje.

"Msinipindishe," alisema. "Mgonjwa hapindishwi kama godoro."

Nyumba yenyewe, ile ya mfano, ilikuwa imeketi katikati ya karakana ya kiwanda kama kabati lililosahauliwa na watu waliohama: mita tatu kwa sita, haina jirani, haina anwani. Fundi seremala alishika machela upande wa kichwani, mimi miguuni. Hatua ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Tulipofika kwenye kona ya bafu, pale unapokata kuelekea mlangoni, machela ikagoma. Tukarudi nyuma, tukainua upande mmoja, tukatanguliza kichwa badala ya miguu. Wapi! Mwisho ilibidi tuisimamishe wima, na dada, mikanda kifuani, akajikuta amesimama pua kwa pua na mimi. Akafumbua macho.

"Haya. Kama nimevunjika mguu, hapa nimepiga yowe. Kama ni moyo, nimeshakufa."

Fundi alicheka. Mimi nilikuwa tayari nimetoa futi ya mkanda mfukoni, napima.

Kazini waliniita Sentimita. Sikulichukia jina. Tulikulia watu sita katika chumba kimoja, wazazi nyuma ya pazia, na kila mtoto alikuwa na msumari wake ukutani. Huo msumari ndio ulikuwa mali yako yote duniani, na ole wake aliyetundika shati lake juu ya lako. Niliposomea usanifu wa majengo, wenzangu walichora viwanja vya ndege. Mimi nilichora vijumba: kitanda kinachokunjwa ukutani, ngazi zenye droo, meza inayoteremka ukitaka kula na kupanda ukitaka kupita. Vinatengenezwa kiwandani, vinabebwa na lori, vinapangwa kimoja juu ya kingine na kreni, mpaka kiwanja kisichotosha kuegesha magari kumi kinapata familia themanini. Dada, ambaye ni muuguzi, aliniomba siku yake ya mapumziko aje avione. Nilidhani anakuja kunipongeza. Akaja na machela ya kuazima.

Siku tatu sikutulia. Nilichora nimesimama, nikafuta nikitembea. Nikisogeza ukuta wa bafu, kitanda hakishuki. Nikipanua nyumba, lori halipiti njiani, na kila ghorofa inapoteza familia moja. Chai ilipoa mara ngapi mezani, sijui. Siku ya tatu fundi seremala alisimama nyuma yangu, penseli sikioni, akatazama karatasi kwa muda mrefu.

"Binti, unahangaika na ukuta mzima. Inayokusumbua ni kona tu. Ikate."

Nikaikata mshazari. Bafu lilipoteza nafasi ya ndoo moja. Mabomba yaliyopita ndani ya kona yangehamishwa, basi. Tukaijaribu kwa mbao. Safari hii machela ilipita na dada juu yake, akituaga kwa mkono kama bibi harusi.

Nilimpelekea Mkurugenzi mchoro mpya nikihema. Hakuwa mtu mbaya, ningependa angekuwa.

"Nzuri," alisema. "Zitakazofuata tutazifanya hivi."

"Na hizi ishirini na nne za mwanzo?"

"Zimeshatoka kwenye mashine. Wenyewe wanangoja funguo. Yuko mama mmoja, fundi cherehani, analala na wajukuu watatu chini ya ngazi za jengo la watu. Nenda kamwambie asubiri miezi miwili kwa sababu ya kona."

Sikwenda. Nikatia saini zikabidhiwe zilivyo. Dada aliponiuliza, nikamwambia tumerekebisha, jambo lililokuwa kweli kama nusu shati lilivyo nguo.

Mwaka ukapita, na miezi minne juu yake. Majengo yalipanda, picha zangu zikatoka magazetini, na mimi nikawa siwezi kuketi katika chumba cha mtu bila kupiga hesabu ya namna atakavyotolewa. Adhuhuri moja dada akanipigia simu kutoka wodini.

"Nimempokea mtu wako," alisema. "Nyumba namba kumi na saba. Kateleza, nyonga imevunjika. Wamemtoa amefungwa kwenye kiti cha jikoni, kakunjwa. Amelia mpaka sauti imekauka. Uliniambia mmerekebisha."

"Nilikuambia hivyo."

"Basi njoo umwone."

Alikuwa mwanamke mfupi mwenye vidole vilivyojaa alama za sindano. Alinidhani mtu wa ustawi wa jamii, akaanza kunisifia nyumba kabla sijaketi: dirisha lilivyoweka mwanga kwenye cherehani yake, wajukuu walivyogombea ile ngazi yenye droo.

"Nyumba ni nzuri, mwanangu," alisema. "Ila aliyeichora hajawahi kuugua."

Dada alikuwa mlangoni, ameshika faili, hatazami faili.

"Ni mimi, mama," nikasema. "Nilijua kabla hujahamia. Nilikuwa na mchoro mwingine, nikautia saini huu."

Alinitazama kwa muda ambao sikuweza kuupima. Nilingoja anitukane, ningelala vizuri.

"Ungeniambia nisubiri, ningekataa," alisema hatimaye. "Lakini ungeniambia." Akageuza uso upande wa ukuta. Kisha, bila kunigeukia: "Sasa inarekebishika au hairekebishiki?"

"Inarekebishika."

"Mbona bado umekaa hapo?"

Mkurugenzi alisema kampuni haigusi nyumba zilizokwisha kukabidhiwa, ila kama ninataka kuharibu Jumamosi zangu, ni zangu. Tulikwenda watatu, mimi, fundi seremala na fundi bomba, nyumba moja kila Jumamosi. Tulianzia namba kumi na saba, wajukuu wakitushikia misumari. Mama alirudi kwa magongo, akakagua kona iliyokatwa kwa kiganja kama anayekagua mshono, akasema rangi haijafanana. Haikuwa imefanana. Tukapaka upya.

Tulikata kona ishirini na tatu. Ya ishirini na nne, ghorofa ya tatu, mwenye nyumba ni dereva wa lori, na yeye alikataa. Kwenye kona ile amewapima watoto wake urefu kila baada ya miezi michache tangu wahamie, mistari ya penseli na tarehe pembeni, na mmoja wa watoto hao hayupo tena. Nimekwenda mara nne. Mara ya nne aliniwekea kiti, akanimiminia chai, akaniomba kwa upole sana tuzungumze habari nyingine.

Tukazungumza habari za barabara. Anaziona mbovu kuliko zamani.