Mama Mkwe wa Kichwani

Misumari hakuwa ameolewa, hakuwa na mchumba, wala hakuwa na haraka. Lakini mama mkwe alikuwa naye tayari. Aliishi kichwani mwake, aliamka kabla yake, alilala baada yake, na kazi yake ilikuwa moja tu: kumsema.

"Umeamka na sura ile ile," angeanza asubuhi. "Nilidhani usiku ungesaidia."

Misumari alikuwa fundi wa makochi. Jina alilipata kwa sababu alipopigilia kitambaa kwenye mbao alijaza misumari midogo mdomoni, akaitoa mmoja mmoja kwa ncha ya ulimi, nyundo ikiusubiri. Mdomo uliojaa misumari haujibu mtu, na mama mkwe alilijua hilo. Alingoja ujae ndipo afungue wa kwake.

Karakana ilikuwa ya kaka yake, na kaka hakuwa na mama mkwe kichwani. Alikuwa na kwaya. Akipinda msumari, kwaya ilimsifu. Akikata mguu wa kiti ukawa mfupi kuliko wenzake, kwaya ilimsifu kwa sauti mbili, naye alichomeka kadibodi chini ya mguu na kumwambia mteja kwamba sakafu yake ina kilima.

Kukata kitambaa ilikuwa kazi ya kaka, kwa maana katika makochi anayekata ndiye fundi. Waliobaki ni watu wenye nyundo. Misumari aliwahi kupewa kiti kimoja akate mwenyewe. Kilitoka vizuri, lakini mama mkwe alipiga kelele mpaka akakifumua, akakishona, akakifumua tena, na mwisho mbao zikachoka kupigwa misumari, zikapasuka. Tangu siku hiyo akawa mtu wa kujaza sponji.

Kisha kaka akajipiga nyundo kidole gumba, kwaya ikiwa katikati ya ubeti. Mkono ulivimba kama andazi, na daktari wa meno alikuwa ameshaagiza kochi refu la wagonjwa wake kungojea.

"Mdogo wangu, sikiliza," kaka alisema, bandeji ikiwa juu kama bendera. "Ukilimaliza bila kufumua hata uzi, kukata ni kwako kuanzia leo. Ukianza wazimu wako wa fumua-shona, utarudi kwenye sponji na utazeeka nayo. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

"Usimsikilize yule bibi yako."

Kaka alimjua huyo bibi. Misumari alikuwa akimjibu usingizini.

Kochi lilikuwa la mahameli ya kijani, mgongo wake vipande vitatu vilivyopinda juu kama madirisha. Misumari alikata, akashona, akapigilia, na muda wote aliimba puani ili asisikie. Asubuhi ya daktari kuja kulichukua, zilipobaki mbao za chini tu kupigiliwa, mama mkwe akapenya katikati ya wimbo.

"Limeharibika."

Misumari aliimba zaidi.

"Limeharibika lote. Na wewe umeharibika. Mikono yako kama miguu ya bata."

Zamani angefanya moja kati ya mambo mawili: kumtii na kulifumua lote, au kumziba na kulipeleka hivyo hivyo. Siku hiyo alichoka na yote mawili. Alitema misumari kiganjani.

"Wapi?" aliuliza kwa sauti.

Katika maisha yake yote ya kusema, mama mkwe hakuwahi kuulizwa swali.

"Una shingo nyembamba," alisema hatimaye.

"Shingo yangu haikaliwi na mgonjwa wa meno. Kwenye kochi, wapi?"

"Utazeeka peke yako."

"Nitazeeka nawe, msiba ndio huo. Wapi kwenye kochi?"

Mama mkwe akababaika kama mtu aliyeshikwa bila tiketi. Kisha, kwa sauti ndogo ambayo Misumari hakuwahi kuisikia, akasema: "Mgongo. Kipande cha kati."

Misumari alirudi nyuma mpaka mlangoni, akatazama. Vipande vya pembeni viling'aa. Cha kati kilikuwa kimenuna, cheusi-cheusi, kana kwamba kimetoka kwenye kochi jingine lenye matatizo yake. Alijua papo hapo alichofanya. Mahameli ina manyoya yanayolala upande mmoja kama ya paka: ukiyatazama yakiwa yamelala huku yanang'aa, yakilala kule yanafifia. Naye, ili asipoteze kitambaa, alikuwa amepanga vipande kichwa kwa miguu, kama samaki kwenye kopo. Kwa kitambaa cha kawaida ungekuwa ujanja. Kwa mahameli ilikuwa aibu.

Alichukua kisu cha kufumulia. Kaka akaingia.

"Weka chini."

"Kaka, kipande cha kati kimegeuka."

"Sikioni."

"Simama hapa mlangoni."

Kaka alisimama, akatazama, na kwaya ikamwimbia. "Kivuli hicho. Na hata kama si kivuli, watu watakaa pale wameshika mashavu wanalia. Nani atapima manyoya? Daktari yuko njiani. Ukifumua, unajua unakokwenda."

"Najua."

"Sponji."

"Nimesema najua."

Akafumua. Kipande cha kati tu. Hakugusa kingine, ingawa mama mkwe, aliyenogewa na cheo kipya, alianza kuelekeza kidole kila mahali.

"Na pembe ya kushoto je?"

"Ina nini?"

"Haina kitu. Nilikuwa nauliza."

Tatizo lilikuwa kitambaa. Kilichobaki hakikutosha hata kofia. Misumari alilizunguka kochi, akakuta nyuma yake, upande wa ukutani, amelivika mahameli nzima, nzuri, isiyo na kazi. Akaibandua.

"Utaliacha uchi nyuma?" mama mkwe alishtuka. "Watu watasema."

"Nani atakaa kati ya kochi na ukuta?"

Mama mkwe alifikiri kwa uaminifu. "Mende," alikiri.

"Mende wavumilie turubai."

Daktari wa meno alifika akakuta kochi lake lina shimo mgongoni na fundi amejaza misumari mdomoni. Kaka alikimbilia kueleza kwamba huo ni ukaguzi wa mwisho, utaratibu wa kampuni. Misumari alitema misumari.

"Hapana, Daktari. Nilikigeuza kipande cha kati wakati wa kukata. Nakibadilisha. Nyuma nitaweka turubai, maana mahameli ya nyuma ndiyo hii. Ukitaka vinginevyo, sema sasa."

Daktari aliokota kipande kilichofumuliwa, akakiweka karibu na mwenzake, akakipeleka huku na huku kwenye mwanga.

"Leo nisingeona," alisema. "Ningeona kesho kutwa. Halafu ningekuwa nakiona kila ninapofungua mlango, na ningewachukia nyote wawili." Akavuta kigoda, akaketi. "Malizia. Nangoja. Wagonjwa wangu wananingoja mimi wakiwa na maumivu, mimi sina hata jino bovu."

Kochi liliondoka mchana, vipande vitatu vikiwa na rangi moja. Kaka alibaki akiangalia gari mpaka likapinda kona. Hakusema neno la sponji.

Asubuhi iliyofuata Misumari aliingia akakuta mezani kipande cha mahameli nyekundu cha kiti cha kinyozi, kimetandazwa, kimechorwa chaki kwa mkono mmoja, hakijakatwa. Kaka alikuwa amesimama kando, anakuna bandeji.

"Kata wewe," alisema, macho yakiwa dirishani. "Ila chaki ni yangu. Nimeona kama kuna mahali nimekosea... sijui wapi. Huyo mama mkwe wako, anapokea kazi za nje?"

"Anapokea. Lakini ataanza na kitambi chako."

"Aanze na kitambi?"

"Mwache aseme. Wewe muulize tu ni wapi kwenye kiti, mpaka afike."

Kaka akavuta tumbo ndani, akasogea mezani.