Mara Moja kwa Siku

Saa kumi na moja alfajiri Wilf Thackray alikuwa ameshavaa viatu, cha kulia mguu wa kushoto na cha kushoto mguu wa kulia, amesimama mlangoni anatikisa kitasa. Mkewe, Avril, alimsikia akiwa bado kitandani. Alingoja aone kama atachoka. Hakuchoka. Akajiinua, akajifunga blanketi mabegani, akamfuata.

"Vipi, bwana mkubwa? Kumekucha?"

"Nimechelewa. Barua zinaningoja."

"Leo Jumapili, mzee wangu. Jumapili hakuna barua."

Wilf akamtazama kwa makini, kama mtu anayesoma anwani iliyolowa mvua. "Jana pia ulisema Jumapili."

Ilikuwa Jumanne.

Alikuwa tarishi wa posta mjini Garsby kwa miaka thelathini na minane. Ugonjwa ulikuwa umemnyang'anya mengi: jina la binti yao aliyeko Australia, kifo cha kaka yake, namna ya kushika kijiko. Njia yake ya barua haukuweza kuigusa. Ilikaa miguuni, na miguu haikuwa na habari kwamba kichwa kimesahau. Asubuhi, mchana na kabla ya jua kuzama, Avril humtoa, na Wilf huongoza: Mtaa wa Weir, daraja, kanisa, kisha mlima mpaka kwenye majumba makubwa ya juu, na kurudi. Akitembea mara tatu, analala. Akitembea mara moja, hakuna anayelala.

Walikaa ghorofa ya tatu katika nyumba za halmashauri. Chumba cha kulala kimoja, sebule, jiko la kusimama mtu mmoja. Dirisha lilifungwa mnyororo ili watu wasianguke. Lilifunguka upana wa kiganja. Kutoka dirishani hadi mlangoni zilikuwa hatua kumi na moja za Wilf.

Kisha maradhi yakaingia nchini, na waziri akasimama kwenye televisheni akasema watu wakae ndani. Kutoka kwa mazoezi ruhusa, ila mara moja kwa siku.

"Mara moja," Avril aliiambia televisheni. "Njoo umwambie yeye."

Wiki mbili za mwanzo aliivunja amri hiyo kila siku. Alibeba chupa ya dawa na kitambaa, na kila geti ambalo Wilf aliligusa, alilifuta, kisha akafuta vidole vyake kimoja kimoja. Alipita upande wa pili wa barabara akiona mtu. Aliinamisha kichwa kama mwizi.

Siku hiyo ya Jumanne, mchana, Wilf alifungua geti la nyumba moja ya juu mlimani, akapita njia ya kokoto, akasukuma vidole vyake kwenye tundu la barua mlangoni, akageuka na kufunga geti nyuma yake taratibu, kama alivyofundishwa mwaka 1968. Mwenye nyumba alikuwa kwenye bustani yake na mbwa wawili. Alikuwa mwanamke wa makamo, na simu yake ilikuwa tayari juu, inapiga picha.

"Wewe! Unashikashika nini mlangoni kwangu?"

"Samahani, mama," Avril alisema, akiwa tayari ameshika kitambaa. "Alikuwa tarishi. Ana ugonjwa wa kusahau. Nakufutia sasa hivi."

"Usinisogelee! Baki huko huko. Na asubuhi niliwaona. Hii ni mara ya pili leo."

"Nyumbani kwetu hakuna pa kutembea."

"Sasa hilo mimi linanihusu nini?"

Gari la polisi halikuchukua hata dakika kumi. Alishuka konstebo kijana, Pryce, macho mekundu kwa uchovu, akasimama mbali mita mbili, kidaftari mkononi.

"Mnaishi wapi, mama?"

"Mtaa wa Weir."

"Huko ni mbali na hapa."

"Ndiyo maana yanaitwa mazoezi."

Hakucheka. "Leo mmetoka mara ngapi?"

Avril alikuwa ameuandaa uongo wake tangu chini ya mlima. Alifungua kinywa, lakini Wilf alimtangulia. Alinyoosha mgongo mbele ya sare, akajibu kwa fahari: "Zamu ya pili, mkuu. Ya tatu ni jioni."

Konstebo akaandika.

"Nionyeshe palipoandikwa kwamba ni mara moja," Avril alisema. "Kwenye sheria. Nionyeshe."

"Waziri amesema kwenye televisheni. Nchi nzima imesikia."

"Huyu hakusikia. Alisikia, akasahau kabla waziri hajamaliza."

"Mgonjwa ni yeye, mama. Wewe unakumbuka." Akachana karatasi. Faini ilikuwa pauni sitini, kwa jina la Avril. Ya pili, alimweleza, inakuwa mara mbili yake, na ya tatu mara mbili ya hiyo.

Mwanamume mwenye kaptula ya kubana akapita mbio, jasho likimtiririka, akampungia konstebo mkono. "Raundi ya nyongeza tu, halafu basi!" Konstebo naye akampungia. Mtu huyo aliingia geti la jirani.

Kabla ya jua kuzama, picha za Wilf akisukuma vidole kwenye tundu la barua zilikuwa zimeenea kwenye ukurasa wa mji mtandaoni. Avril aliyasoma yaliyoandikwa chini ya picha, akiwa amekaa sakafuni ameegemea mlango ili Wilf asiufungue. Mmoja aliandika kwamba watu kama hao ndio wanaoua manesi. Mwingine alisema polisi wamegeuka wanyapara. Mwingine akauliza kwa nini mzee kama huyo hafungiwi. Kulikuwa na aliyesema: *Huyu aliniletea barua miaka ishirini, hata theluji ikifika magotini.* Chini yake mtu alijibu: *Sasa anakuletea kitu kingine.* Waliocheka walikuwa mia mbili na ushee.

Asubuhi yake redio ya mkoa ikalifanya jambo hilo kuwa mada. Je, polisi wamezidisha? Mwanasheria mmoja alipiga simu akasema sheria yenyewe haitaji mara moja wala mara mbili. Huo ni ushauri wa waziri tu, na polisi hawatozi faini kwa ushauri. Diwani wa upande wa mlimani, Bwana Lockhart, alisema huu si wakati wa kupekua vifungu huku watu wanakufa. Avril alipiga simu mara tisa. Ya kumi ikapokelewa.

"Tuna mke mwenyewe hewani!" mtangazaji alisema. "Karibu, Avril. Tupe kwa kifupi."

Nyuma yake kitasa kilikuwa kinatikiswa. "Sitaki mume wangu aue mtu. Nafuta kila anapogusa. Lakini hawezi kukaa. Hatulali. Nauliza tu, nifanye nini?"

"Bwana Diwani?"

"Mama, nakuonea huruma sana, kwa dhati kabisa," Lockhart alisema. "Lakini sheria ni msumeno. Haichagui. Hata mimi niko ndani, wiki ya tatu sasa."

"Na hao ndege wanaoimba hapo ulipo, nao wako ndani?"

Mtangazaji akaangua kicheko, akashukuru wote, akahamia kwenye hali ya barabara. Barabara zote zilikuwa tupu.

Mwanasheria alikuwa upande wake, na nusu ya waliopiga simu walikuwa upande wake. Hilo halikumwezesha kushuka ngazi. Kila gari lililopunguza mwendo chini ya dirisha lilimfanya ashike kifua. Akafunga mlango kwa ufunguo, akauficha ufunguo ndani ya sidiria. Walitoka mara moja tu, asubuhi, kama waziri alivyosema.

Siku ya kwanza Wilf alitembea hatua zake kumi na moja kwenda na kumi na moja kurudi mpaka soksi ikatoboka. Siku ya pili alianza kupiga mlango kwa kiganja. Alipiga bila hasira, kwa subira, kama mtu anayejua kwamba ndani kuna watu. Chini yao aliishi Noreen, nesi anayekesha kazini na kulala mchana. Aligonga dari kwa mpini wa ufagio, kisha akapanda mpaka ngazi ya kati akapiga kelele.

"Avril! Mtoe nje huyo mzee, nakuomba! Nina saa nne tu za kulala!"

"Wataniandikia tena!"

"Basi mpe kidonge!"

"Nimempa!"

Halafu, nyuma ya mlango, Avril akasikia Noreen analia, kilio kifupi cha mtu asiye na nafasi ya kulia, na hatua zake zikishuka.

Siku ya tatu, saa nane mchana, Avril alisimama kati ya Wilf na mlango akaeneza mikono. "Hapana, mzee. Tumeshatoka." Wilf alimsogeza. Hakumpiga, alimsogeza tu kama mtu asogezavyo tawi lililoziba njia. Lakini alikuwa mwanamume wa mifupa mikubwa, na Avril alikuwa hajalala. Akaangukia ncha ya meza.

Noreen alisikia kishindo, na safari hii alipiga simu polisi. Alikuja yule yule Pryce. Akasimama kwenye korido, akamtazama Avril jicho lililokuwa linavimba na kufumba.

"Nani kakupiga, mama?"

"Mlango."

"Inabidi niripoti. Ndio utaratibu."

"Ungeniachia nimtembeze, usingekuwa na cha kuripoti."

Kijana akatazama viatu vyake. Nyuma ya Avril, Wilf alikuwa anakwenda na kurudi, anakwenda na kurudi. "Mimi natumwa tu," Pryce alisema kwa sauti ya chini. Akaripoti.

Ofisa wa ustawi wa jamii alikuwa na sauti nzuri kwenye simu. Wiki mbili tu, alisema, Avril apumzike, jicho lipone. Kwa usalama wa wote wawili. Nafasi imepatikana katika nyumba ya wazee nje kidogo ya mji, bahati kubwa siku hizi. Avril aliuliza kama huko Wilf atatembezwa. "Huko wana wataalamu," sauti ilisema.

Walikuja watu wawili wamevaa aproni za plastiki, na gari jekundu kama la posta, lenye milango ya nyuma. Avril alikuwa amejiandaa kwa vurugu. Hazikutokea. Wilf alipoliona gari uso wake ulifunguka. Alipanda mwenyewe, akakaa, akampigapiga bega dereva. "Sogeza mifuko kidogo, kaka. Tumechelewa leo." Avril alikatazwa kupanda. Mlango ulipofungwa, Wilf alikuwa hamtazami.

Siku tisa baadaye ikaja barua ya polisi. Baada ya kupitia upya mazingira ya tukio, faini imefutwa. Hatua hiyo isichukuliwe kuwa ni kukiri kosa. Kabla hajaikunja, simu ikalia. Redio.

"Umeshinda, Avril! Tuambie, unajisikiaje?"

Aliweka simu chini, akaichukua tena, akapiga nyumba ya wazee kama alivyopiga kila siku.

"Hajambo, mama," alisema mhudumu. "Ametulia kabisa sasa."

Avril alikaa kitini. Katika miaka arobaini na sita ya ndoa hakuwahi kusikia mtu akisema hivyo juu ya Wilf.

"Anatembea?"

"Hakuna anayetembea huku, mama yangu. Kila mtu chumbani kwake. Tumeletewa watatu kutoka hospitali, wanakohoa, na hawakupimwa. Tuko wahudumu wawili kwa wazee thelathini." Akashusha sauti. "Sijakwambia hayo."

Avril alivaa koti. Alitembea saa moja na nusu, kupita daraja, kupita kiwanda kilichofungwa, mpaka kwenye jengo la matofali lisilo na ghorofa, lililotanda kwa urefu, na nyasi kulizunguka. Kwenye mlango kulibandikwa katazo la wageni. Akakanyaga nyasi, akachungulia dirisha baada ya dirisha, na kwenye dirisha la sita akamwona.

Walikuwa wamemkalisha kwenye kiti cha mikono kilichofungwa kimeza kwa mbele, cha kumzuia asiinuke. Nywele zake zilikuwa zimechanwa upande usio wake. Alikonda. Avril akagonga kioo, mara mbili, mara tatu. Akaita. Kioo kilikuwa kinene. Wilf alikuwa anatazama kimeza.

Nyuma ya Avril matairi yalinguruma kwenye kokoto. Askari mwanamke alishusha kioo cha gari bila kushuka.

"Mama. Una shughuli gani hapo?"

"Namtazama mume wangu."

"Kutembelea kumekatazwa."

"Sijaingia. Nipo nje, nimesimama."

"Ndiyo tatizo lenyewe. Umesimama." Hakuwa mkali; aliongea kama mtu anayerudia maneno kwa mara ya hamsini tangu asubuhi. "Kutoka ni kwa mazoezi. Kama unafanya mazoezi, tembea. Kama hufanyi, rudi nyumbani. Hii ni mara yako ya kwanza leo?"

"Ya kwanza."

"Haya basi."

Hakuondoka. Alibaki amekaa ndani ya gari, injini inanguruma.

Avril akatembea. Alipita dirisha la saba, la nane, akakata kona penye mapipa ya taka, akapita jikoni palipotoka harufu ya kabichi iliyochemka kupita kiasi, akakata kona ya pili, na ya tatu, na ya nne, akarudi mbele. Dirishani alipunguza mwendo bila kusimama. Wilf alikuwa bado anatazama kimeza.

Mzunguko wa pili, kichwa chake kilikuwa kimeinuka.

Mzunguko wa tatu alikuwa amegeukia kioo, na midomo inasogea. Aliinua mkono. Huenda alimwona. Huenda ulikuwa mwanga tu. Avril alihesabu hatua za kulipita dirisha, nne, kisha ukuta ukamficha. Akaongeza mwendo penye mapipa, akaongeza tena jikoni, kifua kinamchoma, anakaribia kukimbia sasa, askari akimtazama kutoka garini.

Alipofika mara ya nne, mtu alikuwa ameshavuta pazia.

Hakusimama.