Kalavati la Mawe Matatu Lililorukwa na Pikipiki Mia Mbili

Usigeuze shingo. Uligeuza mwaka jana, mvua zilipokata njia pale Mawe Matatu, ukamwona mama mtu mzima kavua viatu kavishika mkononi, tope limemfika magotini, na wewe ndani ya gari ukapandisha kioo. Uligeuza mwaka ule walipopiga vigingi vyekundu mara ya kwanza wakasema kalavati, kidaraja cha mabomba, linakuja. Ukageuza mara ya pili, ukageuza mara ya tatu, na kilichopatikana ni mahali pa kufungia mbuzi. Kuna watu hatujasahau. Mtoto aliyezaliwa wiki ya vigingi vya kwanza leo anaendesha bodaboda, na anaangukia korongo lile lile la Mawe Matatu. Kwa hiyo tulia usikie habari za fundi Hilda. Ukitaka kucheka, cheka, lakini macho yabaki hapa.

Hilda ni fundi pikipiki. Banda lake liko kwenye njia ya kutoka Ipagala kwenda Ihumwa, hatua chache kabla ya korongo, na kusema kweli korongo lilikuwa linamlisha. Rimu zilizopinda, shokapu zilizovuja, taa zilizopasuka, zote zilitoka humo zikisukumwa na wenyewe huku wakitukana. Lakini ng'ambo anakaa mama yake, Bibi Restuta, mwenye ugonjwa wa presha, na kliniki iko upande huu. Mvua zilizopita zilimfungia huko siku tisa. Dawa ziliisha siku ya nne. Siku ya kumi Hilda alimvusha mgongoni, na bibi, kichwa kinamzunguka, katikati ya maji, bado alikuwa anasalimia kila anayemwona na kuuliza habari za nyumbani kwake. Tangu siku hiyo Hilda alitaka kitu kimoja tu: kalavati, kabla mvua nyingine hazijashuka.

Jirani yake ni Jatin, mtoto wa mzee Vithaldas wa duka la vifaa vya ujenzi mjini. Jatin aligombana na baba yake juu ya kuuza misumari maisha yote, akaja kufungua chumba cha gemu. Alikuwa na gemu mpya ya pikipiki ambayo hakuna mtu aliyeicheza mara mbili. Njia zake zote zilikuwa za nchi za watu, misonobari na theluji, na madereva wa bodaboda walisema hawawezi kuacha vumbi lao wakateleze kwenye barafu ya mtu wasiyemjua. Ila ndani ya gemu ile mlikuwa na sehemu ya kujitengenezea njia yako mwenyewe. Jatin ilimshinda. Hilda, aliyejifunza injini kwa kuziharibu kwanza, akajifunza na hiyo kwa mtindo huo huo, siku ambazo banda halina kazi.

Njia yake ya kwanza ilikuwa barabara yao yenyewe, kama ilivyo. Aliipima kwa kamba. Kila shimo akaliweka, kila jiwe akalitia, mashine ya kusaga, ofisi ya mtaa, na mwisho korongo na meno yake yote. Akamkabidhi pedi ya kuchezea Sila, dereva mwenye mdomo mrefu kuliko wote kijiweni.

Sila alianguka mara thelathini na moja.

"Fundi, hii gemu au unalipiza kisasi?"

"Si barabara yenu hiyo?"

"Barabara yetu naijua! Kule naanguka bure. Nije kwa Jatin kuanguka kwa kiingilio?"

"Dada Hilda," Jatin akanong'ona, "wateja wanaondoka. Hata yule aliyekuja kuchaji simu ameondoka."

Hilda alikasirika siku mbili. Siku ya tatu akakaa nyuma ya wachezaji, akaacha kutazama televisheni, akatazama mabega yao. Hapo ndipo alipoelewa. Mtu akiogopa, mabega yanapanda. Yakipanda mara tatu bila kushuka, anaweka pedi chini, anakwenda kunywa chai. Kwa hiyo baada ya kila kitisho aliweka kipande cha njia iliyonyooka, mtu apumue, ajisifu kidogo. Mruko haukupaswa kuwa mtego, kwa hiyo alihakikisha mtu anaona atakapotua kabla magurudumu hayajaacha ardhi. Matuta akayapanga kwa mwendo, ukilipatia la kwanza, la pili linakupokea kama mtu aliyekuwa anakungoja. Palipoangusha wengi akapapanua. Pasipoangusha yeyote akapatia kona. Kwenye mashine ya kusaga akagawa njia mbili, ya mkato yenye hatari na ya mzunguko yenye usalama, ili hata bibi mwenye presha afike mwisho.

Na mahali pa korongo akajenga kalavati. Mabomba manne, mgongo mpana, upande huu umepanda taratibu, upande wa Ihumwa unashuka kwa upole, pikipiki inaruka, inaelea, inatua kama kuku juu ya mayai yake.

Siku ya kwanza pikipiki mia mbili zililiruka. Watu walitoka mpaka Hombolo, wanafunzi wa chuo na wakulima wa zabibu, wakisukumana mlangoni. Jatin kwa furaha akapiga picha ya televisheni, akaituma kwenye kundi la mtaa na maneno yake: njooni mjaribu gemu, kalavati la fundi Hilda hilo.

Mwenyekiti wa mtaa, Batholomeo, hakusoma maneno. Aliona picha. Na siku hiyo alikuwa anadaiwa taarifa ya miradi yenye picha.

Hilda hakujua chochote mpaka alipokwenda ofisini kwake mwezi wa kumi na moja.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba, Hilda. Mama hajambo?"

"Hajambo, ila mawingu yameanza. Nimekuja kuuliza, kalavati letu ni la ngapi kwenye orodha ya miradi ya mwaka huu?"

"Halimo."

"Halimo?"

"Litakuwemo vipi na limekwisha kujengwa?" Akafungua faili, akamgeuzia picha.

Hilda aliitazama mpaka masikio yakamwaka moto. "Mwenyekiti, hii ni gemu."

"Hii ni picha."

"Picha ya gemu! Hebu iangalie hii pikipiki. Iko juu chini, angani!"

Mwenyekiti akavaa miwani. "Huyo yuko kwenye majaribio."

"Na majani haya? Dodoma umeona wapi majani ya kijani hivi kabla ya mvua?"

"Ndiyo faida ya kalavati."

Kisha akavua miwani, akafunga mlango, sauti ikashuka. "Hilda mwanangu, nililijua kosa jioni ile ile. Mke wangu aliniambia, akacheka mpaka akakaa chini. Lakini nilikuwa nimeshapeleka. Kesho yake nikapigiwa simu ya pongezi. Miaka kumi na minne kwenye kiti hiki, unajua nimepongezwa mara ngapi? Ile moja. Sasa Alhamisi mhandisi anakuja kukagua. Watu wa ofisini hawapendi jua. Nitamkalisha kwa Jatin penye feni, aone kalavati kwenye televisheni, asaini, aende zake. Na wewe utanyamaza kwa heshima ya mtaa."

Hilda aliaga kwa adabu zote. Alipofika barabarani alipiga teke kigingi chekundu, kikamuumiza kidole.

Jumatano mchana akaingia kwa Jatin, akafungua ile sehemu ya kutengenezea njia.

"Dada, unafanya nini? Dada, hapana! Ndiyo njia nzuri kuliko zote, hata baba yangu ameicheza, na hatusalimiani!"

Hilda alivuta kiti karibu. Akayang'oa mabomba, moja, mbili, tatu, nne. Akaushusha ule mgongo mpana. Akalirudisha korongo kwa vipimo vya kamba, tope na mawe, mahali pa kutua pasionekane. Yote aliyojifunza kwenye mabega ya watu akayavunja moja moja kwa mkono ule ule, na machozi yalimtoka, ingawa alimwambia Jatin ni vumbi la feni.

Alhamisi mhandisi akaja. Alikuwa Bi Zeenat, buti zimejaa udongo, uso umeungua jua, mtu ambaye dhahiri ofisi aliijua kwa jina tu.

"Karibu, mhandisi, karibu kwenye feni," alisema mwenyekiti. "Na kwa kuokoa muda, kalavati utaliona hapa hapa. Mtaa wetu unatumia tehama."

"Kalavati nitaliona kwenye gemu ya pikipiki?"

"Nitakuendesha mwenyewe."

Kumbe wiki nzima mwenyekiti alikuwa anakuja kwa siri kujifunza kuliruka. Akashika pedi kwa mbwembwe, akapita ofisi yake mwenyewe, akaipungia mkono, akachukua njia ya mkato kwenye mashine ya kusaga, watu wakapiga vigelegele. Akakaza mafuta kuelekea kalavati, akaingia korongoni kichwa mbele.

"Lilikuwepo hapa," akasema.

Akarudia. Kichwa mbele.

"Mwenyekiti, egemea nyuma!" Sila alipiga kelele. "Nyuma, baba! Aaa, ameshakufa."

Mara ya tano alilala ubavu. Mara ya nane aliondoka yeye, pikipiki ikabaki. Mara ya kumi na moja jasho lilikuwa limemlowesha kola, akamgeukia Hilda mbele ya chumba kizima.

"Wewe ndiye umeling'oa! Lirudishe! Mtu mwenye akili zake hawezi kupita hapa bila kalavati!"

Vichwa vyote vikamgeukia mhandisi.

"Rudia taratibu, mwenyekiti," alisema Bi Zeenat, kalamu mkononi. "Nimeandika mpaka 'hawezi kupita'."

Kisha akatoka nje kwenye jua, akatembea kwa miguu mpaka korongoni, akashuka, akapima, akapanda. Ng'ambo Bibi Restuta alimsalimia, akamuuliza habari za nyumbani kwake. Mhandisi alisimama akimtazama bibi, halafu akamtazama Hilda aliyemfuata nyuma.

"Taarifa yenye muhuri imeshapokelewa," akasema. "Neno langu peke yangu haliifuti. Nipeni majina mia moja ya watu wanaopita hapa, na sahihi zao. Orodha ya miradi inafungwa kesho saa tisa na nusu alasiri. Ikipita hapo, mpaka mwakani."

Jatin ameweka karatasi kando ya televisheni, hachezi mtu kabla hajasaini. Sila alikuwa wa kwanza. Bibi Restuta alivuka kwa miguu yake mwenyewe kuja kuandika jina, pole pole, herufi kubwa. Mwenyekiti alikuwa wa kumi na tatu, mkewe kasimama nyuma yake.

Leo ni Ijumaa, saa saba imepita. Majina ni sitini na mawili. Upande wa Ihumwa mbingu imeanza kuwa nyeusi, na Hilda amekaa mlangoni anatazama nani anaingia. Wewe unapita pale kila siku iendayo kwa Mungu, na jina lako halimo. Zima gari. Shuka. Ingia kwa Jatin, kalamu imefungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza. Andika jina lako lote, weka sahihi, umvute na aliye nyuma yako. Sasa hivi, kabla ya saa tisa na nusu.