Ventilateri na maombi ya Mama Laurentine

Ile bato ilikuwa ya zamani, ya kuvuta bantu benye kuteleza juu ya mayi na mabao ku miguu. Moteri yake haikukuwa inyuma sawa ya bato za bavuvi ba Pweto. Ilikuwa inalala mu katikati, ndani ya sanduku, na juu ya sanduku bantu banaikala sawa ku kiti. Stanislas, muzee mukatoliki mwenye alimuuzishia Kambale ile bato, alimurudilia maneno mpaka mate ikakauka:

"Bwana, kwanza fungula sanduku, nusa. Kisha washa ventilateri, itoshe harufu ya esansi yenye kulala kule chini. Ile ni nyoka! Sema dizaine muzima ya chapelet, Salamu Maria kumi, njo uguse fungulo. Ukiharakisha, itapasuka, utaenda mbinguni bila passeport."

Kambale alicheka. Ye Munande, mubatiste wa kuzaliwa, chapelet atatosha wapi? "Sisi tutafanya maombi, muzee. Maombi ya mama yangu inapita dizaine tatu!"

Na ni kweli, inapita.

Basi dimanche, kisha kanisa, bakafika ku mayi ya lac: Kambale, bibi yake Katungu, binti yao Graciella, na Mama Laurentine, mama ya Kambale, na mufuko yake ya samaki ya kukauka. Alikataa kuiacha mu gari. "Hapa banaiba ata kivuli yako!"

Bote bakapanda mu bato. Kambale akafungula sanduku, akainama, akanusa. "Safi!" Akafunga, akawasha ventilateri, vuuuuu, akaruka ku ponto, ile mbao ya kufungia bato, kushika kamba. Akafunga macho. Ku paillote ya pombe ya jirani muziki ilikuwa inapiga mpaka mbao inatetemeka.

Mama Laurentine akaanza: "Baba wa mbinguni..." Akasimama. Akafungula jicho moja.

"Katungu, mwanangu, Mungu atanisikia namna gani na hii kelele? Funga."

"Na ile muziki, mama?"

"Ile ni ya bapagano. Hii ni ya kwetu!"

Mama mukwe hasemi mara mbili. Katungu akabonyeza kitufe. Vuuu ikakufa. Akajiambia: nitairudisha tu kisha amina.

Maombi ikatembea. Ikabariki makamyo yote ya Kambale, ikapita barabara ya Mokambo, ikaingia Kipushi kwa badouane ba mupaka, ikarudi. Na harufu ya esansi ikapanda polepole ku pua ya Katungu. Hakushituka. Ile ni harufu ya bwana yake! Miaka yote Kambale anavuta esansi na tuyau mu kinywa kwa kutosha mu kamyo moja na kutia mu ingine. Shati zake Katungu anazifua mara mbili, na bado zinanuka.

Ila akafungula macho. Bwana iko kule ku ponto, mbali. Na upepo inatoka hapa, inaenda kwake.

Harufu ni ya nani sasa?

"...amina!" Kambale akaruka ndani, akasukuma levye mara mbili kwa kupatia moteri esansi. Graciella alikuwa ameikala juu ya sanduku, telefone juu, anajifilme. Mukono ya baba yake ikashika fungulo.

"Usiwashe!" Katungu akapiga kelele.

"Nini tena?"

"Baba Graciella, toa mukono! Kuko esansi!"

"Nilinusa mimi mwenyewe. Na ventilateri imetembea maombi muzima!"

"Haikutembea." Sauti ya Katungu ikakuwa kadogo. "Niliifunga."

Mama Laurentine akavimba. "Ni mimi nilisema afunge. Ao sasa maombi yangu haitoshi? Mwanangu, washa!"

Mikono ya Kambale ikabaki mu katikati ya bibi na mama. Kisha akamushusha Graciella ku ponto, akafungula sanduku.

Mayi ya kule chini ilikuwa inang'aa rangi-rangi. Ku kiungo ya tuyau, esansi ilikuwa inatona: to, to, to. Graciella akaziba pua ku ponto kule. "Papa! Inaniingia mu macho!"

Kambale akainamisha uso yote ndani. Akavuta pumzi. Akangoja. Akavuta tena.

"Mi sisikie harufu ya kintu," alisema.

Katungu akakumbuka namna Kambale alisema "safi!", na moyo yake yote.

Kambale akabashusha bote, hakugusa kitufe ata kimoja. Bakaikala juu ya ponto, na bato mbele yao inanuka polepole. Mama Laurentine akaweka mufuko yake juu ya magoti.

Kambale akavuta ile mufuko ya samaki. Akaifungula, akatia pua ndani mpaka masikio. Bote batatu bakamutazama. Akaikala mule, akaikala.

Akatosha kichwa, gamba ya samaki ku mashavu.

"Mama," akauliza, na hakukuwa anacheka, "uko na hakika hizi ni samaki?"