Lami ya Edgar

Bisibisi ya Ambrose ilizama kwenye nguzo ya pembeni mpaka mpinini. Hilda akashtuka, mkono mdomoni.

"Rudia," alisema. "Umekosea pahali."

Ambrose, mdogo wa marehemu mumewe Edgar na seremala wa nyumba hizi za kale za Suffolk, Uingereza, akadunga juu kidogo. Ikapita tena, kama kisu kwenye keki. Alipoichomoa ilitoka na unga mweusi uliolowa.

"Shemeji, hii si nguzo tena. Ni lami iliyosimama."

Mwaloni ule ulikuwa umeibeba nyumba miaka mia nne! Na nyumba gani kijijini ilitunzwa kama hii? Kila baridi ilipokwisha Edgar alipanda ngazi, akazipaka mbao lami nyeusi ti na kuziba kila ufa kwa saruji, wala hakusikia la mtu. Wapita njia walisimama kupiga picha. Tangu afe, Hilda ndiye aliyepanda, magoti yakimuuma, maana kuiacha ichakae ingekuwa kumzika mara ya pili.

"Nani kaila? Wadudu?"

"Wadudu wamekuta karamu imeshaandaliwa. Maji yanaingia, hayana pa kutokea. Kuta za zamani za udongo na chokaa zikilowa hupumua zikakauka; lami na saruji hazipumui. Kaka kaifunga nyumba kama chupa."

"Usimseme Edgar!"

"Simsemi, shemeji. Ila leo hulali humu. Kitanda chako kiko juu ya nguzo hii."

Hilda akaketi kwenye ngazi. Mara ngapi yeye na Edgar walimcheka Prudence wa ng'ambo ya barabara, wakinywa chai dirishani? Mbao zake za kijivu hazijapakwa kitu tangu enzi za babu yake, chokaa inabanduka. "Ile itaanguka kabla ya yetu," Edgar alizoea kusema. Kumbe ile bado imesimama wima.

Ndipo alipokumbuka. Asubuhi ile ile alikuwa amempelekea Prudence ndoo ya mwisho ya lami ya Edgar na mfuko wa saruji, viwe kumbukumbu ya marehemu.

Alitoka nje mbio. Ng'ambo, Prudence alikuwa juu ya ngazi, brashi inadondosha matone meusi. "Hilda, njoo uone! Nguzo moja tayari. Edgar angefurahi, eti?"

Hilda alivuka barabara bila kutazama magari.

"Shuka! Ifute, Pru, ifute yote!" Machozi yalikuwa yakimtiririka, na mbele ya watu waliosimama kupiga picha akasema kwa kelele neno ambalo hakuwahi kumwambia mumewe: "Edgar alikosea!"