Natafuta

Sumaku hakuwa mwongo, na hilo ndilo lililowaponza watu kumi na saba.

Jina alilipata jalalani. Miaka ishirini na miwili alitembea juu ya taka akiburuta sumaku ya spika aliyoifunga kwa kamba, mgongo umepinda, macho chini. Kitu kikinasa ni chuma, anakitupia guniani bila hata kukitazama. Kisiponasa, hapo ndipo anapoinama, maana shaba hainasi, na shaba ndiyo mali. Mpe mota ya feni iliyoungua, jiwe na bisibisi: atakutolea waya wote bila kuukata, huku anapiga soga.

Lakini ukimuuliza anafanya nini, jibu lilikuwa moja: natafuta. Upande wao wote wa jalala ulisema hivyo. Asubuhi watu waliulizana wanatafuta upande gani. Mgonjwa aliulizwa ataanza lini kutafuta. Mama Vizibo, mjane wa mdogo wake Sumaku, aliyeokota vizibo vya chupa na kuvichambua kwa rangi, alijifungua Jumanne na Jumatatu iliyofuata alikuwa anatafuta, mtoto mgongoni. Neno "kazi" walikuwa nalo, ila lilikuwa la kitu kingine. Kazi ina king'ora, ina bosi, ina siku ya mapumziko. Sumaku aliwahi kuwa nayo, kiwanda cha sabuni, mpaka kilipofungwa. Tangu hapo, kwa kinywa chake mwenyewe, hakuwa na kazi.

Manispaa ikaamua kulikabidhi jalala kwa kampuni. Gari la kipaza sauti likapita likitangaza kwamba uzio utajengwa na lango litawekwa, na wale wanaofanya kazi mle ndani watapewa vitambulisho waendelee. Ili wajulikane ni akina nani, akatumwa mtafiti. Alikuwa binti mpole, buti mpya, fomu kibao. Alisalimia kila mtu kwa heshima na hakuziba pua hata mara moja, jambo ambalo watu walilizungumza siku nzima.

Foleni ikapangwa kila upande wa jalala. Upande wao Sumaku akawekwa mbele kwa kuwa ndiye mkubwa.

"Mzee, una kazi?" binti aliuliza.

"Sina, mwanangu."

"Kwa sasa unafanya nini?"

"Natafuta."

Binti akaandika. Sumaku akaona amtanie kidogo. "Wewe mtafiti, mimi mtafuta. Tumepishana herufi mbili tu." Binti akacheka kwa dhati, akasema hilo lazima aliweke kwenye ripoti.

Mama Vizibo, aliyekuwa anafuata, alimvuta shemeji yake kando. Hakuwahi kuandikishwa popote. Aliuliza kama aseme kazi yake ni kuchambua vizibo. Sumaku akamwambia asijitie makuu mbele ya wasomi. Aseme anatafuta, kama anavyosema kila siku. Akasema. Neno likarudi nyuma, mdomo kwa mdomo, mpaka wa mwisho kwenye foleni. Aliyekaidi ni mmoja tu, kijana waliyemwita Mgeni kwa sababu alikuwa na wiki tatu tu jalalani. Yeye alijitambulisha kuwa ni afisa wa kuchambua taka. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Sumaku akamuuliza uafisa gani huo wa kuvaa ndala za rangi mbili.

Miezi miwili baadaye uzio ulikuwa umesimama, na mlinzi alisoma majina langoni. Afisa wa ndala za rangi mbili aliitwa, akapewa kitambulisho, glovu na fulana ya kung'aa. Wengine waliosema wanafanya kazi hii au ile, upande wa pili wa jalala, nao wakaitwa. Kisha mlinzi akakunja karatasi.

Sumaku akamtafuta binti. Ofisini hawakumruhusu kuingia, akakaa kwenye ngazi za nje mpaka mchana, binti alipotoka kwenda kula. Binti alimkumbuka mara moja, na uso ulimshuka. Alitoa ripoti kwenye mkoba, akaonyesha jedwali kwa kidole: wasio na kazi, wanaotafuta, kumi na saba. Alieleza polepole kwamba kwenye fomu anayetafuta ni anayetafuta kazi, na kampuni imesema mtu wa namna hiyo anaweza kuitafuta popote. Chini ya jedwali palikuwa na maelezo, naye akamsomea, sauti ikififia: tabaka la chini kabisa, lililo nje ya uzalishaji.

Sumaku aliuliza uzalishaji ni nini. Akaelezwa. Akauliza shaba aliyoitoa miaka yote ile ilikwenda kuzalisha nini, basi. Binti alisema aliandika alichoambiwa, na ripoti imeshapokelewa.

"Na ule utani wangu?"

"Upo, mzee. Ukurasa wa kwanza."

Kesho yake alikwenda langoni na Mama Vizibo, mtoto yuko mgongoni vilevile. Kupitia uzio walimwona Mgeni akiinua mota ya feni, akaigeuza, akaitupa chini ya tingatinga pamoja na matambara. Sumaku alijikuta ameshika uzio anampigia kelele: aipasue upande wa kifuniko, asiifukie, waya uko ndani. Mgeni alimpungia mkono, akaendelea.

Mlinzi akasogea. "Mzee, unatafuta nini hapa?"

Neno lilifika kwenye ulimi na Sumaku akalimeza. "Mimi ni mfanyakazi wa humu," alisema.

Mlinzi hakuwa mtu mbaya. Alifungua karatasi, akashuka nayo kwa kidole, akaikunja tena. "Hapa umeandikwa huna kazi. Na umesema mwenyewe."

Mama Vizibo alikuwa hajamlaumu tangu mwanzo, na hata sasa hakupandisha sauti.

"Shemeji," alisema, "mimi ungeniacha niseme vizibo vyangu."

Akalikunja gunia lake tupu, akaliweka kwapani, akaelekea barabarani kwenye mapipa ya maduka, ambako tayari kulikuwa na wengine wanagombania. Sumaku akageuka amfuate, kamba ikamvuta. Sumaku yake ilikuwa imenasa kwenye nguzo ya uzio. Chuma kitupu. Aliivuta kwa mikono miwili, na mlinzi akamwambia aache kutikisa mali ya kampuni.