Mwanahalima wa Kitabuni

Mambo yaliharibika Jumatano, tarehe 18 Juni 2025, baada ya sala ya alasiri. Sadallah alikuwa uani kwake Nyamkurungu, si mbali na Chumbi, anakung'uta ufuta juu ya turubai, marehemu mkewe alipoingia akiwa na nywele ndefu mpaka kiunoni.

Kuja kwake hakukuwa jambo geni. Mwanahalima alikufa kwenye mafuriko ya mwaka uliotangulia, na tangu arobaini yake ilipopita alikuwa anakuja kila alasiri, anakaa kwenye kinu kilicholazwa, anamsimanga mumewe. Ufuta umeukata mbichi. Hilo shati umelifua au umelilowesha tu? Kuku mbona wamepungua? Alipokuwa hai alikuwa na mdomo, na kufa hakukumpunguzia kitu. Lakini nywele zake zilikuwa fupi, za kipilipili, na siku zote alizifunga kilemba. Leo zimemwagika mgongoni. Shavuni ana kishimo. Machozi yanamtiririka bila kwikwi, na hasemi neno.

"Nimekuudhi?" Sadallah aliuliza.

Mwanahalima alitikisa kichwa, akagusa midomo yake kwa kidole, kama mtu anayeonyesha jino bovu.

Mwanaharusi, jirani aliyekuwa akiazimana vitabu na marehemu tangu usichana wao, alikuwa anapita na ndoo kichwani. "He! Wewe, wamekusuka wapi?" Alipoona hajibiwi alitua ndoo, akamzunguka shoga yake, akamtazama mbele na nyuma.

"Huyu kaandikwa," alisema.

Kweli, asubuhi ile ile kulikuwa na shughuli Kibiti, hema na spika na soda za wageni. Mwalimu Evaristo, mstaafu anayeishi Ikwiriri, alizindua kitabu chake cha mafuriko, na mgeni rasmi alikuwa Mratibu wa kamati ya uokoaji. Waliofiwa hawakualikwa. Mwanaharusi alikwenda kesho yake, akarudi nacho, akakisoma kwa sauti pale uani, Sadallah akiwa na ufuta wake na Mwanahalima akiwa kwenye kinu.

Hakuvuka ukurasa wa kwanza kabla ya kugomba. "Jua linachomoza. Hawa watu hawajui kuanza mpaka jua lichomoze?" Akaendelea. "Kila mtu huku anasema kwa methali, hata anayeomba chumvi. Na wanawake wote wana viuno vya nyigu. Sasa huko kijijini analima nani? Tena ona, sura nzima mtu anajitazama kwenye maji. Maji ya Rufiji hayo, unajiona nini na tope lile?"

Mwanahalima alikubali kwa kichwa, na kila alipotikisa kichwa nywele zilipepea, ingawa hapakuwa na upepo, kwa sababu kitabuni zilipepea.

Kisha Mwanaharusi alipunguza sauti. "'Boti ya uokoaji ilipofika, Mwanahalima alilikumbatia dungu lake, machozi yakimbubujika, akatamka neno moja tu: Siendi.'"

Sadallah aliacha ufuta. "Soma tena."

Akasoma tena. Halafu akakifunga. "Mimi nilikuwa dungu la pili," alisema. "Boti ipi?"

Siku ya mafuriko Mwanahalima alikuwa shambani, juu ya dungu, kile kibanda cha miguu mirefu wanacholala wakulima wakiamia ndege kwenye mpunga. Maji yalipofika sakafuni alianza kuita. Aliita kutwa. Mwanaharusi alichukuliwa na mtumbwi wa mvuvi, mtumbwi wa watu wawili, na mvuvi aliporudi kwa Mwanahalima dungu halikuwepo. Boti yenye injini ilisikika redioni tu, Mratibu akisema iko tayari.

Neno lile Sadallah alijua lilikotoka. Msibani, Mfaume, mtani wa ukoo, alifanya kazi yake kama mtani yeyote. Alijifunga kanga mbichi ya maji, akajilaza katikati ya mkeka wa waombolezaji, akabana sauti kama marehemu: "Siendi! Boti haina feni, haina mto wa kuegemea. Nani apande mkweche huo? Siendi!" Watu walicheka huku kamasi zinawatoka. Sadallah naye alicheka, na ndipo alipoweza kumeza tonge. Mwalimu Evaristo alikuwa pale ukutani na sahani ya ubwabwa, anaandika kwenye simu.

Walikwenda Ikwiriri kwa pikipiki mbili, Mfaume na Mwanaharusi mbele, Sadallah na mkewe nyuma. Dereva alimwomba Mwanahalima akusanye nywele zisiingie kwenye tairi.

Barazani kwa Mwalimu kulikuwa na mwanamume amesimama na begi begani. Mwalimu alimwacha stendi mwishoni mwa kitabu chake cha zamani bila kusema alisafiri au hakusafiri, na tangu hapo anasimama. Mwanaharusi alimpa pole. Alimwambia alikisoma kitabu hicho, akakasirika wiki nzima.

"Karibuni," Mwalimu alisema. "Mama, chukua kiti hicho, kile kingine kibovu. Poleni na msiba."

"Mwalimu, wewe ulisoma mpaka wapi?" Mfaume alianza. "Hukuambiwa kwamba mimi ni mtani wao? Na feni mbona hukuiandika? Nilisema boti haina feni."

"Feni ilikuwa inavunja huzuni."

"Kazi yangu ni kuivunja, bwana!"

Mwalimu alivua miwani, akaifuta. "Mzee Sadallah, hii ni sanaa. Msomaji anataka mtu aliyechagua. Mtu aliyekaa tu akisubiri, mara maji yakamchukua, huyo hana hadithi."

"Msomaji yupi?" aliuliza Mwanaharusi. "Mimi msomaji. Nilikutuma lini?"

"Hakukaa tu," alisema Sadallah. "Aliita mpaka sauti ikakauka. Mke wangu alikuwa na sauti, Mwalimu. Mimi nimekuja kuichukua."

Mwalimu hakuwa mtu mbaya. Alichukua kalamu, akafungua kitabu, akakata mstari wa nywele. Zilidondoka zote sakafuni, akazifagia kwa fagio la chelewa mpaka nje. Akakata machozi, yakakoma. Kishimo cha shavuni Mwalimu aliomba kiachwe, alikipenda. Lakini alipofika kwenye boti aliweka kalamu chini.

"Hapa siwezi. Mratibu ndiye aliyelipia uchapaji, na hapa ndipo alipopapenda kuliko kwingine. Ameshapanukuu hata kwenye taarifa yake kwa wakubwa."

"Kwa hiyo mke wangu anabaki bubu."

"Si bubu kabisa," alisema Mwalimu. "Neno moja nimempa."

Mwanahalima alisimama, akatoka. Wakadhani anafuata pikipiki, kumbe alizipita, akashika njia ya yadi ya kamati ya uokoaji, hapo hapo Ikwiriri. Boti ilikuwa chini ya banda, juu ya magurudumu, injini bado imevikwa nailoni ya dukani. Alipanda, akakaa benchi la katikati, akaweka mikono mapajani.

Mlinzi alikuja na funguo. "Mama, shuka, nafunga geti."

"Siendi," alisema Mwanahalima.

Ilikuwa sauti yake mwenyewe, ile nene yenye mikwaruzo, ya kugombeza kuku na mume. Sadallah alishika nguzo ya banda. Tangu Jumatano hakuwa ameisikia.

"Mwambie tena," alimwambia mlinzi.

"Mama, tafadhali shuka."

"Siendi!"

Mratibu alifika na gari lake, akaita vijana wanne wambebe. Hakubebeka. Waliikokota boti na yeye ndani, magurudumu yakazama ardhini mpaka nusu. Mratibu alimwambia, kwa upole wa mbele za watu, kwamba hiyo ni mali ya umma. Alimjibu lile lile, safari hii akimkazia macho, na Mfaume akasema hajawahi kuona utani wake ukitumika vizuri namna hiyo.

Yupo hapo mpaka leo. Sadallah humpelekea kanga safi kila Ijumaa na humweleza habari za shamba, naye husikiliza kwa uso wa kugomba. Mwanaharusi humsomea riwaya nyingine, na wakifika mahali jua linachomoza wote wawili husonya.

Kitabu kimechapwa mara ya pili, bila nywele. Neno lile limo. Mratibu amepata cheti, na wageni wakija huwaleta bandani, husimama kando ya boti, huwaambia, "Ndiye huyu aliyekataa." Wageni hupiga picha, huuliza kama mama anahitaji maji ya kunywa, huondoka.

Mwezi uliopita walikuja wengi, wakawekewa viti. Mratibu alipomaliza kusema aliuliza kama kuna swali, na Sadallah akasimama nyuma, mkono mmoja juu ya boti.

"Kitabu kinasema mke wangu aliambiwa apande, akakataa," alisema. "Haya. Aliyemwambia apande ni nani?"